Adrien Atiman, mganga wa Karema

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, karibu kuelekeana na Mpala, kuna misioni ya kale iitwayo Karema. Siku hizi imo katika nchi ya Tanzania. Hapo alikaa mzee mmoja ambaye hakuzaliwa Karema, wala hakuwa mtu wa kabila lolote la pande zile. Alitoka mbali sana, naye aliwatibu wagonjwa wa Karema kwa muda wa miaka 67. Jina lake ni Adrien Atiman.

Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 katika kijiji cha Tindirma, kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo sasa Mali. Alikuwa na baba na mama, tena alicheza na wenzake kama watoto wote wachezavyo. Lakini zamani zile wezi wa watu walizunguka huku na huku. Siku moja walimkamata, wakaenda naye. Mama yake hakumwona tena, wala yeye hakumwona mama yake tena.

Walimvusha jangwa la Sahara, nchi ya mchanga na jua kali, ambako kisima kipo mbali na kisima. Aliuzwa kama mbuzi anavyouzwa sokoni. Mwishoni alifika Algeria. Huko Mapadri Weupe walitoa fedha, wakamkomboa. Alikuwa na umri wa miaka kama kumi. Tangu siku hiyo hakuwa mtumwa tena. Lakini kwao kulikuwa mbali, naye hakuwa na njia ya kurudi.

Mapadri walimtia shuleni. Mkubwa wao, Kardinali Lavigerie, alitaka Waafrika watibiwe na Waafrika wenzao. Kwa hiyo mwaka 1881 alipeleka vijana kadha katika kisiwa cha Malta, wajifunze uganga. Atiman alikuwa mmoja wao. Alijifunza habari za mwili wa binadamu, dawa zake, na jinsi ya kupasua na kufunga vidonda. Alibatizwa, akaitwa Adrien.

Mwaka 1888 masomo yalikwisha. Adrien alitumwa Tanganyika, awe mganga na katekista pamoja. Alisafiri kwa meli mpaka Zanzibar, akavuka mpaka bara, kisha akashika njia ya miguu pamoja na wapagazi, mwezi baada ya mwezi. Mwanzo wa mwaka 1889 alifika Karema.

Alikuta nini? Alikuta jambo alilolijua tangu utoto wake. Siku zile misafara ya watumwa ilitoka Manyema, ikavuka ziwa kwa mitumbwi, ikaelekea pwani. Wanaume, wanawake na watoto walifungwa kamba na minyororo. Wengine walikombolewa na misioni, wakapewa mashamba wakae. Walifika wamekonda, wana homa na vidonda. Adrien hakuhitaji kuelezwa habari zao. Alivisafisha vidonda vyao, akawapa dawa na chakula, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa namna hiyo.

Baadaye alitaka kuoa. Kwa desturi za watu wetu, kijana husindikizwa na baba au mjomba kwenda ukweni. Adrien hakuwa na baba wala mjomba katika nchi ile. Hata hivyo alimpata mke mwema, jina lake Agnes Wansabira, wa jamaa ya mtemi wa Wabende. Hivyo mtu aliyenyang'anywa jamaa yake akapata jamaa nyingine. Nyumba yao ikawa nyumba ya sala na ya kazi.

Walimzaa mtoto mwanamume, Joseph. Joseph alipokua alitaka kuwa padri. Jambo hili si dogo. Mtoto mwanamume ni mkongojo wa wazazi wake wakiwa wazee, nao hutumaini kupakata watoto wake. Padri haoi. Lakini Adrien na Agnes hawakumzuia. Upande huu wa ziwa, Stefano Kaoze alikuwa amekwisha kupata upadri mwaka 1917, naye ndiye padri wa kwanza wa Kongo. Mwaka 1923 Joseph Atiman naye akawa padri. Zamani watu walimnyang'anya Adrien wazazi wake kwa nguvu. Sasa Adrien alimtoa mwanawe kwa Mungu kwa hiari.

Kazi yake haikupungua. Asubuhi alisali, kisha wagonjwa walimngoja: huyu ana homa, yule jino linamuuma, mwingine amejeruhiwa na mnyama. Ugonjwa wa malale nao uliingia kando ya ziwa, ukaua watu wengi. Adrien alijifunza pia majani na mizizi ya pande zile, ajue ipi ni dawa kweli. Aliyekaribia kufa alimfundisha habari za Yezu na kumtuliza moyo. Watoto aliowatibu walikua, wakamletea watoto wao. Na hao nao wakamletea wajukuu.

Katika uzee wake aliandika habari za maisha yake, watu wasisahau jinsi utumwa ulivyokuwa. Alifariki Karema tarehe 24 Aprili 1956, akiwa na miaka karibu 90.

Adrien Atiman angaliweza kukaa na uchungu moyoni siku zote. Mtu aliyetendewa ubaya mara nyingi hutafuta wa kumlipiza. Yeye alitafuta wa kumponya. Hakurudi kamwe kando ya mto Niger. Lakini alipokufa, nyumba nyingi za Karema zililia kama zilivyolia kwa babu yao.

Maswali

1. Atiman alizaliwa wapi? Aliondokaje kwao?
2. Alijifunza kazi gani huko Malta?
3. Kwa nini aliwahurumia hasa waliotoka katika misafara?
4. Adrien na Agnes walimtoa Mungu zawadi gani? Kwa nini zawadi hiyo ilikuwa kubwa?
5. Waulize wazee wa nyumbani: ni nani aliyewatibu watu wa kijiji chao zamani?