Michel Wibault, mlemavu wa polio aliyetaka ndege iruke bila kukimbia

Uwanja wa Luano, katika komini ya Annexe mjini Lubumbashi, unajua vita vya angani. Septemba 1961, ndege moja tu ya Katanga, Fouga Magister, iliwashambulia hapo askari wa ONU, ambao hawakuwa na ndege ya kivita ya kujibu. Tarehe 5 Desemba, Canberra za India chini ya ONU zilishambulia uwanja wa Kolwezi na kuteketeza ndege zilizokuwa chini. Ndege ya kivita inayotegemea piste hupigwa ikiwa imelala.

Dawa ya udhaifu huo ilikuwa imekwisha chorwa na Mfaransa, Michel Wibault.

Alizaliwa Douai, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 5 Juni 1897. Polio ilimpata utotoni na kumwachia ulemavu, lakini haikumzuia kuunda ndege. Katika miaka ya 1930, ndege zake za injini tatu zilibeba abiria wa Air France. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi Marekani.

Katikati ya miaka ya 1950 alichora Gyroptère: injini moja yenye vipulizio vinne vya hewa vinavyogeuka, viwili kila upande. Vikielekea chini, ndege inainuka wima. Vikielekea nyuma, inakwenda mbele. Nchi yake haikuvutiwa. Maofisa wa Marekani walioko Paris wakaupeleka mchoro Uingereza, kwa Stanley Hooker wa kampuni ya Bristol. Huko Gordon Lewis aliurahisisha, na injini Pegasus ikazaliwa.

Oktoba 1960, ndege ya majaribio P.1127 iliinuka ikiwa imefungwa kamba. Tarehe 12 Septemba 1961, siku moja kabla ya mapigano kulipuka Lubumbashi, iliinuka wima, ikaruka mbele, ikarudi kutua wima.

Ufaransa nayo ilijaribu, kwa Mirage III V yenye injini tisa: nane za kuinua, moja ya kusukuma. Moja ilianguka Novemba 1966, na mradi ukaachwa.

Wibault alifariki tarehe 23 Januari 1963. Hakuiona Harrier, mtoto wa mchoro wake, ikiingia jeshi la Uingereza mwaka 1969, kisha Marekani, Hispania, India na Italia. Jeshi la Ufaransa halikuwahi kuwa nayo.