Sake Dean Mahomed: Mkandaji wa wafalme aliyejiongezea miaka 10

INGIA duka lolote la Mji wa Kale, Mombasa, kuanzia Kibokoni hadi Ndia Kuu, uulize shampuu. Utaonyeshwa chupa za kila rangi, zote za kuoshea nywele. Lakini neno lenyewe halikuanzia kwenye nywele. Limetoka kwa Wahindi, kwenye neno champo, na maana yake ni kukanda: kubonyeza misuli, kusugua viungo mpaka mwili ulegee.

Yaani ni kazi ileile inayojulikana sana kwenye nyumba za Mji wa Kale. Mama aliyejifungua anakandwa kwa maji moto katika arubaini yake. Bi harusi anasingwa na somo wake. Mzee aliyeteguka mguu anachuliwa kwa mafuta ya nazi hadi aweze kurudi barazani.

Mtu aliyeifanya kazi hiyo ijulikane Uingereza, na neno lake likaenea dunia nzima, alitoka ng'ambo ya bahari hii yetu ya Hindi. Aliitwa Sake Dean Mahomed. Aliwakanda wafalme wawili. Na kuhusu masomo yake, alidanganya. Kwa kijana wa leo mwenye mikono mizuri lakini hana cheti, maisha ya mtu huyu yana la kumwambia.

Yatima aliyefuata jeshi

Alizaliwa mwaka wa 1759 mjini Patna, kaskazini mashariki mwa India. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, na aliuawa kazini mtoto akiwa na umri wa takriban miaka 11 tu. Kijana akajishikiza kwa afisa mmoja wa jeshi hilo, Godfrey Evan Baker, mzaliwa wa Cork kule Ayalandi. Akamfuata kambi hadi kambi, akakulia humo, akapanda vyeo mpaka akawa subedar, cheo kikubwa kwa askari Mhindi wa wakati huo.

Baker alipoacha jeshi na kurudi kwao, Mahomed alifunga safari naye. Walifika Ulaya mwaka wa 1784. Alikuwa na umri wa miaka 25, hana ndugu wala jamaa huko, na Kiingereza chake kilikuwa cha kambini. Mjini Cork akaingia darasani kukisoma upya. Hapo ndipo alipokutana na Jane Daly, msichana wa Kiayalandi. Wakatoroka pamoja, wakaoana mwaka wa 1786.

Mwaka wa 1794 alichapisha kitabu kuhusu safari zake India. Kinatambuliwa kuwa kitabu cha kwanza kuandikwa kwa Kiingereza na mwandishi Mhindi. Kwa mtu aliyejifunza lugha hiyo ukubwani, si jambo dogo.

Mkahawa uliofilisika

Baada ya zaidi ya miaka 20 Ayalandi, alihamia London na familia yake. Akapata kazi kwa tajiri mmoja, Basil Cochrane, aliyekuwa na nyumba ya bafu la mvuke eneo la Portman Square. Humo ndimo Mahomed alipoanza kuwakanda wateja wanaotoka kwenye mvuke. Watu wakapenda. Lakini sifa zikabaki kwa mwenye nyumba.

Akaamua kujitegemea. Mwaka wa 1810 alifungua mkahawa wa vyakula vya Kihindi mtaa wa George, karibu na hapohapo Portman Square. Ndio mkahawa wa kwanza wa aina hiyo London kumilikiwa na Mhindi. Palikuwa na mchuzi wa viungo, palikuwa na buruma za kuvutia tumbaku. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa hesabu. Gharama zilikuwa kubwa kuliko mapato, na mwaka wa 1812 alitangazwa kufilisika.

Hebu jiweke mahali pake. Umri wa miaka 53, watoto wa kulisha, mji wa kigeni, jina limeandikwa kwenye orodha ya waliofilisika. Mwaka uliofuata alitoa tangazo gazetini akiomba kazi ya utumishi kwenye nyumba za wakubwa. Mtu aliyewahi kuongoza askari, mwandishi wa kitabu, sasa anatafuta mtu wa kumtumikia. Kusota hakujali umri.

Bafu la Brighton

Mwaka wa 1814 alihamia Brighton, mji wa pwani ambao matajiri wa London walikuwa wakiukimbilia kuoga maji ya bahari na kutafuta nafuu ya maradhi. Akaanza kwa kufanya kazi kwenye nyumba ya bafu, akiwa amebeba mtaji mmoja tu: mikono yake.

Namna yake ya kazi ilikuwa hivi. Mgonjwa aliketi au kulala ndani ya hema dogo la kitambaa cha flana, akifukizwa kwa mvuke uliochanganywa na miti ya dawa. Jasho likishatoka na viungo vikalegea, mkandaji aliingiza mikono kupitia mikono ya kitambaa iliyoshonwa kwenye hema, akaanza kazi. Wenye baridi yabisi, waliopooza, waliovunjika viungo vikaunga vibaya, wote walimjia. Jane, mkewe, alisimamia upande wa wanawake.

Mwanzoni alichekwa, na madaktari wengi hawakumthamini mgeni asiye na shahada. Yeye akajibu kwa ushahidi. Aliyepona aliombwa kuandika barua au kutia jina kitabuni. Magongo yaliyoachwa na waliopata nafuu yaliwekwa wazi mbele ya wageni. Wengine walianza kuletwa na madaktari wao wenyewe.

Mwaka wa 1821 alifungua jumba lake ufukweni, barabara ya King's Road. Watu wa tabaka la juu walipanga foleni. Akateuliwa kuwa mkandaji wa Mfalme George wa Nne, na baada yake Mfalme William wa Nne. Cheo chake rasmi kilimwita mpasuaji wa kukanda, ingawa hakuwahi kupasua mtu.

Miaka 10 isiyokuwepo

Mwaka wa 1822 alitoa kitabu kuhusu tiba yake. Ndani yake aliandika kwamba alizaliwa mwaka wa 1749, si 1759, na kwamba alisomea udaktari India na kulitumikia jeshi la Kampuni kama mganga.

Hayo hayakuwa kweli. Kitabu chake mwenyewe cha mwaka wa 1794 kinaonyesha kijana aliyekulia kambini, si mwanafunzi wa hospitali. Ile miaka 10 aliyojiongezea ilikuwa ya kuziba pengo. Wateja walitaka kujua alisomea wapi, naye hakuwa na shule ya kuitaja. Basi akaitunga.

Ni rahisi kumhukumu. Ni rahisi pia kumhurumia: mweusi wa rangi katika Uingereza ya miaka ile, aliyeshaonja kufilisika, anaulizwa karatasi kwa kazi ambayo hata hakukuwa na chuo cha kuifundisha nchini humo. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mahomed ilikuwa ndefu. Ilimfikisha ikulu na hakuumbuka maishani mwake. Lakini hiyo ndiyo hasara yenyewe. Aliyoyajua kweli aliyapata kwa kutazama, kwa kujaribu, na kwa kukanda maelfu ya miili kwa miaka mingi. Hayo ndiyo yalikuwa masomo yake, na aliyafunika kwa hadithi ya darasa ambalo hakuwahi kulikalia.

Mwisho wake haukuwa wa kifahari. Jumba la King's Road halikuwa mali yake kamili, na mwanzoni mwa miaka ya 1840 lilipigwa mnada. Hakuwa na pesa za kulinunua. Akaendelea na kazi kwenye nyumba ndogo mjini humo. Jane alifariki Desemba 1850, naye akamfuata Februari 1851. Alizikwa Brighton, na kwa muda mrefu jina lake likasahaulika.

Karatasi zikafika

Nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga, mjukuu wake Frederick Akbar Mahomed, aliyezaliwa mwaka wa 1849. Huyu alikwenda shule kweli. Alisomea udaktari katika Hospitali ya Guy's, London, akafaulu mitihani, akapata leseni. Akiwa bado kijana aliboresha kifaa cha kupima mapigo ya mshipa, na utafiti wake ukasaidia kuonyesha kwamba shinikizo la damu linaweza kumpata mtu kabla figo zake hazijaharibika. Alifariki mwaka wa 1884 kwa homa ya matumbo, akiwa na umri wa miaka 35. Jina la Mahomed likaingia kwenye historia ya tiba, safari hii bila kuongeza mwaka hata mmoja.

Na ile kazi ya babu yake? Miaka 10 baadaye, mwaka wa 1894, wauguzi wanne wa London waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa. Wakati huo baadhi ya nyumba za masaji zilikuwa kificho cha ukahaba, na wanawake waliofanya kazi halali walichafuliwa jina. Dawa yao ilikuwa mitihani, kanuni na cheti. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa chama cha wanafiziotherapia wa Uingereza. Leseni haikuja kumsumbua mwenye ujuzi. Ilikuja kumtenganisha na tapeli.

Turudi Mombasa. Hapa masaji ni ajira, kisiwani na kwenye hoteli za pwani ya kaskazini na kusini. Kuna vijana waliojifunza kwa nyanya zao, wanajua kabisa mshipa gani umekaza na mafuta yapashwe moto kiasi gani. Mwajiri anapoomba cheti, wengine huishiwa nguvu. Wengine hushawishika kununua karatasi ya barabarani.

Usifanye hivyo. Mahomed hakuwa na chuo cha kwenda, wewe unacho. Masaji ya kustarehesha hufundishwa kwenye kozi fupi za urembo na afya, na serikali, kupitia NITA, hupima ujuzi wa fani nyingi hata kwa waliojifunzia kazini. Ukitaka kutibu viungo vilivyoumia na kujiita mwanafiziotherapia, hapo ni habari nyingine: kuna sheria ya mwaka wa 2014 na baraza linalosajili, na lazima usome kwanza. Utafundishwa mifupa, misuli na mishipa ya damu. Utafundishwa pia lini usimguse mtu kabisa. Mguu uliovimba na kuuma ghafla, kwa mfano, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani, na kuukanda kunaweza kuua. Mikono mizuri peke yake haiwezi kukuambia hilo.

Na ukiulizwa ulianzia wapi, sema. Kama ni kwa nyanya yako, kwenye mkeka, usiku wa arubaini ya shangazi, sema hivyo hivyo, kisha toa cheti chako. Mahomed alikuwa na nusu ya kwanza na akaona haya kuitaja. Mjukuu wake ndiye aliyepata nusu ya pili. Wewe unaweza kuwa na zote mbili.