MWANA KUPONA: MAMA ALIYEMUUSIA BINTI YAKE

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ijumaa hii tunakuletea habari za mama wa pwani aliyefariki zamani, lakini malezi yake bado ni darasa kwetu sisi wazazi wa Bukavu.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, katika nchi ambayo leo ni Kenya. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siyu, aliyepigana na majeshi ya Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Basi nyumba yake iliijua vita, kama nyumba zetu nyingi huku Kivu. Mwaka 1856 Bwana Mataka akafariki.

Kisha mama huyo akapatwa na maradhi marefu. Fikiri, ewe mzazi: mume hayupo, mwili umedhoofika, na binti bado kijana. Ungemwachia nini? Kiasi cha mwaka 1858, Mwana Kupona alimwita binti yake, Mwana Hashima, akae karibu naye na wino na karatasi. Akamtungia utenzi wa beti 102.

Tazama alivyoupanga wasia wake. Kwanza, kushika dini, asiache faradhi. Pili, adabu njema, ili apendwe popote aendapo. Tatu, kuwa mkweli. Akamtajia wanaopasa kuwa radhi naye: Mwenyezi Mungu, Mtume (S.A.W.), baba, mama na mume. Akamwonya achunge ulimi na achague wa kusuhubiana naye. Tena hakuamrisha tu. Alimsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoishi kwa mapatano na baba yake, mpaka kifo kilipowatenganisha. Mwishoni akageukia dua, akawaombea wanawe na Waislamu wote. Alifariki kiasi cha mwaka 1860. Utenzi wake ukaendelea kusomwa, na mwaka 1934 ukachapwa kitabu.

Ndugu msomaji, mama huyu hakusema kwamba mwalimu wa madrasa atamaliza kazi. Wala hakungoja apone kwanza. Lakini wewe, uliye mzima, lini ulikaa na mwanao ukamweleza kwa nini uongo ni mbaya?

Chukua mfano huu. Umemtuma mtoto soko la Kadutu. Muuzaji amekosea hesabu, akamrudishia franka nyingi kuliko haki yake. Ukicheka na kuziweka mfukoni, umekwisha kumfundisha mwanao, na hotuba yako ya kesho haitafuta somo hilo. Bora umuulize kwanza: hizi ni za nani? Yule muuzaji jioni atawaambia nini watoto wake? Mwache afikiri, ajibu mwenyewe. Kisha mrudishe pamoja nawe mpaka sokoni. Siku atakapokuwa peke yake, bila wewe, atajua la kufanya.

Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu hauna huruma.

Basi leo baada ya Isha, zima redio, weka simu kando, umwite mwanao karibu. Huna haja ya beti 102. Mambo matatu yatosha kuanzia: sala, adabu, ukweli.

Ewe Mola, tutengenezee watoto wetu, utujaalie tuwe mfano mwema kwao, na umrehemu Mwana Kupona. Amin.

Wabillahi tawfiq.