Henry Sorby, Mtu Aliyetazama Ndani ya Mawe

Henry Clifton Sorby alizaliwa mwaka 1826 karibu na Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu vyake. Jamaa zake walikuwa watengenezaji wa visu, na baba yake alipofariki mwaka 1847 alimwachia mali ya kumtosha. Angaliweza kukaa raha mustarehe, walakini alichagua taabu ya kutafuta elimu.

Siku zile wataalamu wa miamba waliyatazama mawe kwa macho, au kwa kioo kidogo cha kukuzia. Sorby alitaka kuona ndani yake. Basi akatwaa kibanzi cha jiwe, akakisugua upande mmoja hata kikawa laini, akakigandisha juu ya kioo. Kisha akausugua upande wa pili kwa saburi nyingi, hata kikawa chembamba kuliko karatasi. Ndipo nuru ikakipenya.

Akakitia katika hadubini, yaani darubini ya kutazamia vitu vidogo sana. Hadubini hiyo ilikuwa na vipande viwili vya jiwe angavu, vilivyotengenezwa kwa namna aliyoibuni Mskoti William Nicol mwaka 1828. Kipande cha chini huiacha nuru itikisike kwa upande mmoja tu. Na cha juu kikigeuzwa kukingamana nacho, huizuia nuru hiyo, pakawa giza. Lakini kibanzi cha jiwe kikiwekwa katikati, chembe zake nyingi hung'aa kwa rangi nzuri. Kikizungushwa, chembe hizo huzimika na kung'aa tena, kila moja kwa asili yake. Na kwa dalili hizo hutambulikana.

Mwaka 1858 Sorby alitangaza mambo aliyoyaona. Watu wengine wakamcheka, wakidai ya kuwa milima haichunguzwi kwa hadubini. Yeye hakuiacha kazi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1860, huko Bonn katika Ujerumani, alikutana na kijana aitwaye Ferdinand Zirkel, akamwonyesha kazi ile. Zirkel akaishika sana, akaandika vitabu, na tangu mwaka 1870 akafundisha katika chuo kikuu cha Leipzig. Wanafunzi wakamjia hata kutoka Marekani, nao wakaenda kuwafundisha wengine.

Sorby alifariki mwaka 1908. Hata leo wanafunzi wa miamba husugua vibanzi na kuvitazama kwa nuru ya namna ile ile. Elimu aliyopewa kijana mmoja imeenea duniani kote.