Mfalme Ezana na Msalaba Kwenye Sarafu

Ezana aliitawala Aksum, kaskazini mwa Ethiopia ya leo, katika karne ya 4. Alirithi kiti cha enzi akiwa mtoto, hivyo mama yake akaongoza kwa niaba yake. Msaidizi wao alikuwa Frumentius, Mkristo kutoka Tiro aliyefika ikulu kama mateka. Ezana alipokua, Frumentius alikwenda Aleksandria kuomba askofu. Mtakatifu Atanasi akamweka wakfu yeye mwenyewe na kumrudisha Aksum. Mfalme akaipokea imani.

Sarafu zake zinasimulia safari hiyo. Aksum ilifua dhahabu, fedha na shaba, ikifanya biashara na dola ya Roma. Sarafu za awali za Ezana, zikiwemo za fedha, zina hilali na duara, alama za dini ya wahenga. Dhahabu yake ya baadaye ina msalaba.

Mnamo mwaka 356 hivi, Kaisari Constantius II, aliyewaunga mkono Waariani, alimwandikia Ezana akitaka Frumentius arudishwe Aleksandria kuchunguzwa. Hata hivyo, Kanisa la Ethiopia lilidumu katika imani ya Atanasi, na Frumentius huitwa huko Abba Salama.

Shilingi 500 yetu ina nyati, mnyama wa Mikumi. Ezana alichagua msalaba, akijua pesa hupita mikono ya waamini na wasioamini. Je, sokoni Kilosa, anayepokea pesa mikononi mwetu huiona imani yetu?