William Beebe: Mzamiaji aliyeshuhudia samaki wasiosadikiwa

MIAKA mingi kabla ya Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan kuunda, mnamo 1943, kifaa cha kupumulia kilichoeneza uzamiaji wa mitungi duniani, mtaalamu wa ndege kutoka Marekani alikuwa akitembea kwenye sakafu ya Bahari ya Karibea.

William Beebe alizaliwa Brooklyn, New York, Julai 29, 1877. Aliacha masomo katika Chuo Kikuu cha Columbia bila shahada, na mnamo 1899 akaajiriwa kutunza ndege katika bustani ya wanyama ya Bronx.

Mwaka wa 1927 alitia nanga katika ghuba ya Port-au-Prince, Haiti. Kofia ya shaba yenye uzani wa takriban kilo 27 iliwekwa mabegani pake, mpira ukaunganishwa na pampu iliyosukumwa kwa mikono na wenzake mashuani, naye akashuka akiwa na vazi la kuogelea tu. Huko chini, baina ya matumbawe, hakuwa na haraka. Wataalamu wengi wa enzi hiyo waliwajua samaki kwa maiti zao, ama wavuni ama chupani. Beebe aliwatazama wakila, wakipigana na kujificha. Kitabu chake cha 1928, Beneath Tropic Seas, kiliwahimiza watu wa kawaida nao waingie majini wakajionee.

Ghuba haikumtosha. Akishirikiana na Otis Barton, tajiri aliyebuni na kugharamia tufe la chuma lenye upana usiotimia mita moja na nusu, alihamia Bermuda, kaskazini zaidi katika Atlantiki. Agosti 15, 1934, wawili hao waliteremshwa kwa waya hadi mita 923, kina ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukifikia akarudi hai. Lau waya ungalikatika, hapangalikuwa na wa kuwaokoa.

Balaa ilimngoja nchi kavu. Beebe alikuwa amewapa majina ya kisayansi samaki kadhaa aliowaona dirishani tu, bila kumleta hata mmoja. Mtaalamu Carl Hubbs na wengine walimkejeli, wakidai huenda aliona ukungu wa pumzi zake mwenyewe kiooni. Samaki hao hawajapatikana hadi leo. Hata hivyo, kumwita mwongo ni kupita kiasi, kwani sehemu kubwa ya vilindi haijawahi kutazamwa na jicho la mtu.

Uzeeni alirejea Karibea. Mnamo 1949 alinunua nyumba ya Simla katika bonde lenye msitu la Arima, Trinidad, akaifanya kituo cha utafiti, ambako mwenzake Jocelyn Crane aliendeleza uchunguzi wake wa kaa. Beebe mwenyewe aliwafuatilia vipepeo na wadudu, viumbe ambao yeyote mwenye shaka angeweza kwenda kuwaona. Alifariki huko Juni 4, 1962, akiwa na umri wa miaka 84.