Mwana Kupona binti Msham: Wosia wa Mama na Urithi wa Hekima

Miongoni mwa washairi wa pwani ya kaskazini ya Kenya katika karne ya 19, Mwana Kupona binti Msham ana nafasi ya pekee. Jina lake limedumu kwa sababu ya utendi mmoja ambao haukutungwa kwa ajili ya baraza la wafalme wala kusimulia vita. Ulitungwa na mama mgonjwa kwa ajili ya binti yake.

Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa cha Pate, mwanzoni mwa karne hiyo. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji uliosifika kwa wanazuoni na mafundi wake. Katika miaka ya 1840 Siyu ilipinga kwa silaha utawala wa Sayyid Said wa Zanzibar, na Bwana Mataka alikuwa kiongozi wa upinzani huo. Kwa hiyo, Mwana Kupona aliishi ndani ya nyumba ambayo mambo ya vita na siasa hayakuwa mbali na mlango wake. Hata hivyo, alipoandika, hakuyapa mambo hayo nafasi kubwa.

Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, akimwacha Mwana Kupona na watoto wawili, wa kike na wa kiume. Mjane huyo alikaa Lamu, na huko akashikwa na maradhi yaliyodumu kwa muda wa mwaka mzima. Binti yake, Mwana Hashima, alikuwa amekwisha kumpoteza baba. Sasa ilielekea kwamba angempoteza mama pia, naye yu katika umri wa kuposwa. Nani angemfunza? Jibu la Mwana Kupona lilikuwa utendi alioutunga mwaka 1858, yaani 1275 Hijria. Ndani yake anamwita binti aketi karibu, na wino na karatasi, apokee wosia. Wosia wenyewe anaufananisha na hirizi na kidani cha kuvaliwa shingoni: pambo na kinga kwa pamoja.

Mpangilio wa mawaidha hayo una maana yake. La kwanza ni dini: kuishika, kutimiza faradhi na sunna. Kisha hufuata adabu, ulimi mwema, ukweli na kuchagua watu wa kufuatana nao. Baada ya hayo ndipo anapotaja radhi tano ambazo binti anazihitaji, yaani za Mungu, za Mtume, za baba, za mama na za mume, na kueleza kwa urefu namna ya kuishi na mume. Wasomaji wengi wameishikilia sehemu hii ya mwisho peke yake. Baadhi ya wahakiki wameiona kuwa mafunzo ya utii tu. Wengine wameona humo kinaya na werevu wa mwanamke aliyejua namna ya kuiongoza nyumba bila kugombana. Vyovyote iwavyo, haifai kuitenga na msingi uliotangulia. Kwa Mwana Kupona, unyumba ni tawi. Shina ni uchaji.

Aidha, utendi huo una alama za zama zake. Binti anaaswa asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Nasaha hiyo ilitoka katika jamii iliyomiliki watu, na mrithi wa leo hawezi kuipokea kama ilivyo. Hekima ya wazee hurithiwa pamoja na mipaka ya wazee, na kuichambua ni sehemu ya kuirithi.

Mawaidha haya yalihifadhika kwa kiasi kikubwa kutokana na umbo lake. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza hupatana kwa kina, na cha nne huufunga ubeti kwa kina kinachorudi tangu mwanzo hadi mwisho wa utendi. Asiyejua kusoma aliweza kuuhifadhi kwa kuusikia ukighaniwa; aliyejua aliweza kuunakili kwa herufi za Kiarabu. Isitoshe, Mwana Kupona hakumfungia binti yake peke yake hazina hiyo, bali aliwaalika wanawake wengine waisome, na akawaombea dua watoto wake, jamaa zake na Waislamu wote.

Mwana Kupona alifariki miaka michache baadaye. Mwana Hashima aliishi hadi karne ya 20, na utendi ukaendelea kupita mikononi mwa wanawake wa Lamu, kutoka kwa mama hadi kwa mwana na mjukuu. Alice Werner aliuchapisha mwaka 1917, na J. W. T. Allen akaujumuisha katika mkusanyo wake wa tendi wa mwaka 1971. Hivyo maneno yaliyokusudiwa msichana mmoja yakafika madarasani na vyuoni. Mama aliyehofu kwamba hatapata muda wa kumlea binti yake amekuwa mlezi wa vizazi ambavyo hakuviona.